Mkamwana wa Kyimo na Sambusa za Kuchemsha

Kama yupo mtu wa Tukuyu aliyekula sambusa ya kuchemsha kabla mimi sijaileta mjini, ajitokeze. Hayupo. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa zaidi dirishani kuliko kwenye dawati, lakini wenye vyeti vyao walisimama mlangoni kwangu saa ya chakula, miavuli juu, wakisubiri kiti. Nani akae na nani asubiri, niliamua mimi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo unga wa ngano ulipatikana kwa kujuana, ukiupata unauficha kama umeuiba. Halafu kila kitu kikawa ruksa. Unga ukajaa madukani, mitumba ikamwagwa chini sokoni, mwenye basi dogo akajipangia mwenyewe safari zake za Mbeya. Wengine waliogopa, wakasema ni mtego. Mimi nilikuwa nauza ndizi mbivu kando ya barabara. Nikatoka kwenye ndizi nikaingia kwenye mitumba, nikatoka kwenye mitumba nikakodi chumba karibu na soko, nikaweka meza na mabenchi, nikakiita hoteli. Bati lilivuja upande mmoja, na upande huo niliwakalisha wateja wanaopenda kukopa.

Shida ilikuwa moja. Kila hoteli iliuza kile kile: wali maharage, ugali nyama, ndizi nyama. Mimi nilitaka chakula ambacho mteja hawezi kukikuta kwa mkewe. Nacho nilikikuta kijijini Kyimo.

Nilikuwa na rafiki tuliyekua pamoja. Yeye alisoma. Serikali ilimpeleka Urusi ya zamani, ile kubwa, kusomea mitambo, akarudi na shahada na mke. Mke alikuwa wa Ukraini. Watu walimwita Mrusi, naye aliwasahihisha mmoja mmoja bila kuchoka, mpaka wauza nyanya wa sokoni wakawa wanasahihishana wenyewe. Rafiki yangu akawa fundi katika kiwanda cha chai, kiwanda kikaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wakahamia Kyimo, kwenye migomba ya baba yake.

Nilikwenda kuwapa pole. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka ya kwenda popote. Shemeji akaniletea bakuli la vitu vyeupe, vimekunjwa kama sambusa lakini laini, vinateleza, na juu yake amemwaga krimu ya mtindi. Nikadhani mafuta yameisha nyumbani, watu wameona haya kusema. Nikala. Vingine vilikuwa na nyama ndani, vingine viazi mviringo na vitunguu.

"Shemeji, hiki ni kitu gani?"

"Za nyama ni pelmeni, za Warusi. Za viazi ni vareniki, zetu. Usizichanganye."

"Nitazichanganya vipi, na zote nimemaliza?"

Akacheka. Hapo hapo nikamwambia aje apike kwangu mjini. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama migomba ya baba yake, nami nikaelewa shida iko wapi.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Kwa Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwanao, haonani na baba mkwe. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anajifunika kichwa na kugeukia pembeni mpaka apite. Wakiwa na jambo la kuambiana, hutumwa mtu wa kati. Miaka hiyo mabinti zetu wenyewe walikuwa wameshalegea, wengine wanampungia mzee mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini yule Mukraini, mama mkwe alimfundisha mara moja akashika. Nilimwona kwa macho yangu akizama katikati ya michai, yeye na kikapu na mwavuli, kwa sababu mbali kule kulikuwa na kitu kinakuja, na bado haijajulikana kama ni baba mkwe au ni ng'ombe.

Shemeji alikuja mjini. Mumewe ndiye aliyesema, "Njaa ya watoto haina mila." Nikaandikisha ubao mlangoni, Chakula cha Ukraini na Urusi, na huo mpangilio wa maneno nililazimishwa.

Siku ya kwanza karani mmoja wa wilayani aliniita mezani. "Bosi, sambusa zako bado mbichi. Zirudishe kwenye mafuta."

"Hizo zimeiva kwa maji."

"Sambusa inaiva kwa maji? Kwani ni shati?"

"Onja, halafu utukane."

Akaonja. Kesho yake alirudi na ofisi nzima. Shemeji alioka pia maandazi yenye kabichi na mayai ndani, na watu walikuwa wakiuma kwanza kidogo, wanachungulia, ndipo wanaendelea. Pilipili ilikuwa akili yangu mimi. Shemeji alipoona wanaimwagia vareniki zake alininunia siku nzima, lakini wateja waliongezeka. Kwa baridi ya Tukuyu, bakuli la moto lenye krimu na pilipili, nani angekwenda kwingine? Wafanyakazi wa mashamba ya chai walikuwa wakishuka mjini wanapita hoteli zote, wanakuja kwangu. Waliokuwa wakinicheka wakati nauza ndizi, sasa walinisalimu kwanza.

Ndipo mzee alipotuma neno. Rafiki yangu aliniletea, uso umemshuka.

"Baba amesema mke wangu aache kazi hii kabla ya Jumapili. La sivyo nitoke kwenye migomba yake."

"Wewe umesemaje?"

"Nimesema nimesikia."

Shemeji alikuwa anasukuma unga, hakuinua kichwa. "Nikirudishwa Kyimo kukaa mikono mitupu, nitachukua watoto niende kwa mama yangu. Sitanii, shemeji." Alilisema kwangu ili mumewe asikie. Mumewe akasikia, akakaa juu ya gunia la viazi kama mtu aliyepunguzwa kazini mara ya pili.

Siku ya gulio, saa ya chakula, watu wamejaa, mzee akaingia mwenyewe. Koti refu, kofia, fimbo, maji yanamchuruzika. Nikamsalimu kwa Kinyakyusa, nikamwita tata, yaani baba, nikampa kiti kizuri, upande usiovuja.

"Mkamwana wangu yuko humu," akasema.

"Yuko jikoni, tata. Mlango umefungwa."

"Kamwambie avue hiyo aproni arudi nyumbani."

Mtu wa kati nikawa mimi, na kazi hiyo naijua. Nikaingia jikoni. Shemeji alipouona uso wangu akaacha kila kitu.

"Ni yeye? Amesema nini?"

"Amesema ana njaa."

Mtu mzima ametoka Kyimo kwenye mvua ile, kama hana njaa ana nini? Shemeji akajaza bakuli mpaka juu. Nikalipeleka.

"Mkamwana anasema, kabla ya maneno, baba ale."

Mzee alilitazama bakuli. Akawatazama makarani, nao walikuwa wanamtazama. Chakula cha mkamwana hukirudishi mbele za watu. Ukikirudisha umemfukuza, na yeye alikuja kumrudisha nyumbani, hakuja kumfukuza. Akachukua kijiko. Ya kwanza ilimteleza, ya pili akaikamata.

Baada ya kitambo akaniita. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

"Anauliza kama krimu imetosha."

Mzee akafikiri. "Haijatosha."

Nikaleta krimu. Nikaleta na maandazi ya kabichi, na chai. Alipofika kwenye chai akanivuta shati.

"Wewe kijana, usinifanye mtoto. Kupika si kosa. Ninachoogopa ni hiki: leo anazoea wanaume wa stendi, kesho ananikuta njiani, ananipa mkono, 'Mambo, baba.' Nikishapewa mkono na mkamwana, mimi ni nani tena?"

Mzee mwingine wa meza ya pili akadakia. "Mimi wa kwangu alishanipa mkono siku nyingi."

"Ndiyo maana unakula hotelini," mzee akamjibu, na benchi zima likacheka, naye hakucheka.

Nilijua hapo ndipo penye mzizi. Lakini utamweleza vipi mtu kwamba mkamwana wake anamheshimu, wakati heshima yenyewe ni kutoonekana? Nilikuwa bado nalipigia hesabu kichwani, mzee akasimama na kuuliza choo.

Nyuma ya chumba changu kulikuwa na milango miwili. Mmoja unatoka uani, mwingine unaingia jikoni. Mimi mikono yote nilikuwa nimebeba mabakuli, nikamwelekeza kwa kidevu. Kidevu changu ni kipana. Mpaka leo rafiki yangu anasema nilikielekeza jikoni makusudi. Namjibu kidevu hakina mshale.

Mzee akakohoa, akafungua.

Nilikuwa nyuma yake, nikaona yote. Shemeji alikuwa amekitambua kile kikohozi. Kanga yake alikuwa ameikunja kuepulia sufuria, na sufuria iko mikononi, inatoa mvuke. Akaitua. Mbele yake mezani kulikuwa na unga alioukanda na kuusukuma, mwembamba, mpana kama sinia la harusi. Hakufikiri. Aliunyanyua kwa mikono miwili, akajifunika kichwa, akageukia ukutani. Unga ukamning'inia mpaka mabegani. Upande mmoja ukaanza kurefuka taratibu kuelekea chini, naye hakuugusa.

Mzee alirudi kinyumenyume. Akafunga mlango kwa mikono miwili, polepole, kama anafunga mlango wa kanisa ibada ikiendelea. Akaja akakaa. Choo alikisahau. Akainamia meza, mabega yakaanza kutikisika, nami nikasema hapa nimeua mzee. Nikasogea. Alikuwa anacheka, machozi yanaingia kwenye chai.

Nikakimbilia jikoni. Shemeji bado ameutazama ukuta.

"Mwambie sikumwona," akasema ndani ya unga.

Hiyo niliifikisha kama ilivyo, sikuongeza neno. "Tata, mkamwana anasema hakukuona."

Mzee akajifuta macho kwa ncha ya koti. "Mwambie na mimi sikuona mtu. Nimeona chapati."

Karani akataka kujua chapati gani, mzee akamnyamazisha kwa fimbo. Akatulia, akavua kofia, akaikung'uta maji. Alipozungumza tena hakuwa anacheka.

"Sina mkamwana mwingine anayefanya hivyo. Hao niliowatolea ng'ombe hapa hapa Rungwe, hakuna." Akavaa kofia. "Mwambie mwanangu aendelee na migomba. Huyu aendelee kupika. Na wewe, ule mlango wa jikoni uhamishe, utaua watu."

Nilirudi jikoni mbio. Shemeji alikuwa ameutoa unga kichwani, nyusi nyeupe, kipande kingine kimeng'ang'ania sikio.

"Unabaki, shemeji. Mzee amekubali."

Hakufurahi. "Amesema yeye, au unasema wewe?"

Swali la haki, sikulikasirikia. Niliufungua mlango upenyo mdogo, nikasogea pembeni, nikamwacha asikilize mwenyewe. Mezani karani alikuwa anauliza yule mpishi ni nani hasa, mbona mambo yamekuwa mengi.

"Ni mkamwana wangu," sauti ya mzee ikasema. "Na ukimaliza hilo bakuli, usilisukume hovyo. Lipange vizuri."

Shemeji akaurudisha mlango yeye mwenyewe. Akabandua kile kipande sikioni, akanyunyiza unga mkavu juu ya meza, akaniuliza nje kuna meza ngapi zinasubiri.