Mkate wa Samaki

Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nimewaficha jambo moja: mwezi niliooa, mke wangu alishinda na njaa ndani ya nyumba yangu, na mimi nilikuwa nimeshughulika na samaki. Si kwamba chakula kilikosekana. Kilikuwapo, tena kingi, na fungu lake nilikula mimi. Naandika haya nikiwa mzee, mwenyewe yuko chumba cha pili anasikiliza redio, na bado mkono unasita.

Ilikuwa miaka ile ya bei nzuri ya kahawa, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea bomani Bukoba. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Bakoba, yenye paa la bati na meza ya kulia chakula. Meza naitaja kwa sababu nilijivunia ile meza kuliko cheti changu.

Nilioa binti wa Kimwani, mbali kule upande wa Muleba. Tulifunga ndoa kanisani, akaja Bukoba na shangazi yake. Kwetu Wahaya omugole, yaani bibi harusi, haachwi peke yake katika nyumba ngeni. Hukaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na yule aliyemsindikiza hula naye huko huko, kwa sababu omugole huona haya kutafuna mbele ya mume na watu wa mume. Wanakaa hivyo mpaka haya imtoke yenyewe. Hata kupika bado hapiki. Mama yangu, aliyekuwa akiishi Nyanga, ndiye aliyetupikia, akituletea kila jioni kapu la ndizi na maharage, moto, limefunikwa kwa majani ya mgomba. Alilikabidhi mlangoni akaondoka, maana nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba nyumba ya mwalimu haihitaji kusimamiwa.

Mimi nilikuwa nimewaona wamisionari wakila. Mume upande huu, mke upande ule, wanatazamana, uma mkononi. Nikaamua huo ndio ustaarabu, na pazia ni mambo ya giza. Siku ya tatu asubuhi nikamtania shangazi, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nilidhani nimechekesha. Shangazi hakucheka. Alifunga mzigo wake, akamnong'oneza mke wangu maneno machache pale mlangoni, akaenda kutafuta lori la kurudi kwao. Pazia nililing'oa siku hiyo hiyo, nikalitandika mezani.

Mchana wake nikanunua samaki. Mhindi mmoja mwenye duka karibu na bandari alikuwa anafunga biashara ahamie Kampala, na juu ya kaunta yake palikuwa na tangi la kioo ambalo kila mtu mjini alilijua. Ndani alibaki samaki mmoja wa rangi ya chungwa lililoiva, mkia wake mrefu kama kitambaa. Nilisema namnunua kwa ajili ya somo la viumbe. Uongo. Nilimtaka awe sebuleni kwangu, mgeni akiingia aulize.

"Anakula kila kitu, Mwalimu," Mhindi aliniambia. "Mkate kidogo tu, basi."

Kwangu hakula kitu. Nilimdondoshea chembe za mkate, zikaelea, zikalowa, zikazama. Yeye alijibanza kwenye pembe ya tangi, uso ukutani. Nilibisha kioo kwa kidole nimwamshe. Akajibanza zaidi.

Basi nikaanza kazi ya kumsaidia, na nisikilizeni jinsi nilivyomsaidia. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilibeba debe mwenyewe hadi ziwani, nikachota maji, nikarudi nalo begani. Wanawake waliokutana nami njiani walicheka hadi wakashikana mikono. Mwanamume kubeba maji! Tena ya kumwogeshea samaki! Nikamwaga maji ya jana na kumtia mapya, kila siku. Nikamjaribu kwa kiini cha yai, kwa wali, kwa dagaa waliosagwa, kwa minyoo niliyoichimba migombani nikiwa na shati la kazi. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nilifungua daftari. Siku ya kwanza: mkate. Hakula. Siku ya pili: mkate uliolowekwa maziwa. Hakula. Siku ya tatu: kiini cha yai. Hakula. Mwandiko wangu mle ni mzuri kabisa, na mistari nimeipiga kwa rula.

Jioni walikuja walimu wenzangu. Niliwapa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, tukavuta viti hadi kwenye tangi, tukakaa tunamkodolea macho. Mmoja alisema si vizuri kumtazama sana kiumbe mgonjwa. Nikamjibu kwa mkato, kama nilivyozoea, kwamba macho hayana pazia.

Baada yao kuondoka tuliketi mezani, mimi na mke wangu. Nilimpakulia mwenyewe, kwa sababu mmisionari naye humpakulia mkewe. Kisha nikaweka viwiko mezani nikamtazama. Aliinua uma, akaugusisha kwenye ndizi, akaushusha.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, Mwalimu."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijiambia nimeoa mtu asiye mlafi, mwenye adabu ya mezani. Nikavuta sahani yake nikaimaliza, kwa sababu mama yangu angeudhika kuona kapu limerudi na chakula. Asubuhi ilikuwa hivyo hivyo: chai, kipande cha mkate, macho yangu. Chai aliweza kuinywa akiwa ameinamisha kichwa. Mkate ulibaki, na huo pia niliumaliza mimi. Mchana mimi nilikula shuleni, na sikuwahi kujiuliza yeye anakula nini katika nyumba isiyo na chakula mpaka jioni. Nyuma palikuwa na migomba, lakini omugole hakati mkungu kwenye shamba ambalo mama mkwe hajamwingiza. Na kwenda kuomba kwa jirani ni kumtangaza mumewe.

Palikuwa na kitu kimoja tu cha kuliwa mle ndani mchana kutwa. Juu ya rafu niliweka kopo lenye mkate, nikamwambia, kwa sauti ile ile ninayoitumia darasani, "Huu usiguswe. Ni mkate wa samaki."

Hakuugusa.

Siku ya kumi nilirudi kutoka shule nimekasirika. Samaki alikuwa amelegea, anainama upande mmoja, na nilikuwa nimekwisha kujivuna kwa watu wengi mno kuweza kumwacha afe. Nilipiga meza. Nikasema kiumbe huyu ana kiburi, amepewa kila kitu, amepewa hata yai, anataka nini?

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na desturi ya kunijibu bila kuulizwa.

"Mwalimu, usimbadilishie maji kesho," alisema. "Mtilie mkate kidogo, mfunike, uondoke."

"Nimfunike? Nitajuaje kama amekula?"

"Hutajua. Utakuta amekula." Kisha akasema polepole, akitazama sakafu, "Hata mtu hawezi kula akitazamwa."

Alivua kanga aliyojitanda mabegani, akafunika tangi pande zote. Wakati akinyoosha mikono niliona jinsi ilivyokonda. Niliona, ndiyo. Nikafikiri, kanga ile imefifia, nimnunulie nyingine.

Kesho yake nilipotoka shule nilifunua pembe ya kanga. Mkate haukuwapo. Samaki alikuwa katikati ya tangi, anazunguka, mkia wazi. Niliruka kama mtoto. Nikaandika: Siku ya kumi na moja: amekula. Nikapiga mistari miwili chini yake. Halafu nikaenda kuwatafuta wenzangu niwasimulie, na yale maneno ya mke wangu nikayarudia kana kwamba ni hekima niliyoitoa kichwani mwangu mimi. "Hata mtu hawezi kula akitazamwa," niliwaambia. Wakatikisa vichwa, wakanisifu.

Jioni ile niliketi mezani mbele yake, nikaweka viwiko, nikamtazama.

Siku mbili baadaye ilikuwa Jumapili. Tuliposimama kuimba wimbo wa pili, mke wangu upande wa wanawake alikaa chini, kisha akalala ubavu. Wimbo ulikatika. Walimtoa nje kivulini na mama yangu akampakata kichwa. Watu wakaanza kutabasamu, si unajua, bibi harusi kuzimia kanisani, wakanipa hongera. Na mimi nikatabasamu nao. Mama yangu alikuwa amekwisha kupitisha mkono chini ya nguo yake, kwenye mbavu.

"Huyu amekula nini?" aliniuliza.

"Ndizi, Ma. Maharage. Juzi ulituletea nyama."

"Hayo nayajua, nimepika mimi. Nimekuuliza yeye amekula nini."

Mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku ile pia hakupaza, lakini ua wote wa kanisa ulimsikia. "Mwana wange, huyu mtoto ana njaa."

Zile hongera zilikoma. Wengine waligeuka kutazama pembeni kwa huruma, wengine hawakugeuka. Nilitamani niwe ndani ya lile tangi, chini ya kanga.

Mama alimpeleka kwake Nyanga siku hiyo, na mimi akanituma Kimwani kumrudisha shangazi. Nilipanda lori, nikapita Muleba nimejaa vumbi, na kiriba cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kati ya miguu yangu kwa ajili ya kuomba radhi. Njia nzima nilitunga hotuba. Shangazi alinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Alitandika jamvi, akaleta ndizi juu ya jani, akaninawisha mikono. Halafu akaketi mbele yangu, na wanawake watatu wa nyumba ile wakaja wakaketi pamoja naye.

"Kula, Mwalimu."

"Tule pamoja, shangazi."

"Sisi tunakutazama tu."

Nilikata tonge la kwanza, likapita. La pili nililitafuna muda mrefu, nikisikia sauti ya meno yangu mwenyewe. Hawakucheka, hawakunong'ona, walinitazama tu kwa macho ya upole. La tatu lilifika kooni likakataa. Nilikuwa na njaa ya safari ya siku nzima, na sikuweza kumeza. Machozi yalinitoka, na yalipotoka sikuwa na pa kuyaficha.

Shangazi aliniletea maji. "Hayo ni matonge matatu," alisema. "Mtoto wetu umemtazama siku ngapi?"

Nilifungua mdomo nijibu. Hesabu pekee niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya samaki. Ile hotuba ya lorini sikuitoa hata neno moja. Nilisema "Nimekosa," nikasema tena.

Shangazi alikuja. Mama naye akaja na mke wangu, wakaondoa kitambaa mezani wakakirudisha mlangoni kinapopaswa kuwa. Nyuma ya pazia nilisikia vijiko, kisha nikasikia mke wangu akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aingie kwangu, na sikuwa mimi niliyemchekesha. Nilikaa sebuleni na samaki wangu. Alikuwa mnene tayari.

Shangazi alikaa kadiri alivyotaka. Sikutaja jembe.

Miezi kadhaa baadaye, mke wangu akiwa amekwisha kuzoea nyumba na kuikalia kama yake, nilimkuta amekaa penye mwanga wa dirisha na daftari langu la viumbe magotini. Kusoma alikuwa amejifunza kwenye mafundisho ya kipaimara, hivyo alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Mkate. Hakula. Kiini cha yai. Hakula. Nilisimama pale na kofia mkononi, nikashindwa kumnyang'anya na nikashindwa kuondoka. Alisoma siku zote kumi na moja, hadi kwenye ile mistari miwili. Akafunga jalada, akalifuta vumbi kwa kiganja, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu mzima.

"Umeandika vizuri," alisema. "Na daftari langu mimi liko wapi, Mwalimu?"