Siku Niliyopiga Kura Klabuni

Nilipiga kelele "Kura!" wakati kura haikuwepo. Upumbavu wenyewe njo huo, nimeutoa mbele ili usiutafute. Kwetu Kalemie kura ni umeme. Mtu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akisikia neno hilo anafikiri uchaguzi, na hilo nalo lilituua.

Ndugu yangu mkubwa, Yaya kama ninavyomwita, anapiga roki. Mji mzima unacheza rumba, yeye anapiga gitaa inayolia kama bati linalokokotwa juu ya mawe. Jirani alimuuliza Mama: "Mama, ule mutoto yako anaimba, ao jino inamuuma?"

"Vyote viwili, Papa," Mama akamjibu jirani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yaya hakucheka. Alikuwa anatafuta kurekodi albamu, moja tu, na hakuitaka ya studio. Aliitaka live, mbele ya watu, katika klabu kadogo karibu na reli, kenye viti vya plastiki na feni ambayo sijawahi kuiona ikizunguka.

"Studio ni uongo," aliniambia. "Live njo live. Ukikohoa mule, utakohoa mpaka mwisho wa dunia."

Nikakohoa. Akanipiga konzi.

Akampata fundi wa sauti kutoka Kigoma, aliyevuka ziwa na kompyuta yake imefungwa ndani ya blanketi. Betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu. Wakachagua Jumapili mchana, baada ya misa, kabla wanywaji hawajaingia. Kura haikuwepo, basi wakawasha jenereta ya klabu, kule uani nyuma. Aliyeishika ni mzee mmoja mwenye amri moja tu kutoka kwa bosi: ukisikia watoto wanaita "Kura!", yaani umeme wa mji umerudi, zima haraka, geuza swichi, mafuta ni ghali. Mtaa wote unaijua amri hiyo. Na mimi ni wa mtaa.

Mama alikuja. Mama ambaye hajakanyaga klabu tangu azaliwe! Alivaa liputa yake, kitenge cha Pasaka, akaketi mbele kabisa, mikono juu ya mapaja, kama anangojea padri. Alikuja kwa ajili ya wimbo wa mwisho. Yaya alimtungia Papa wimbo huo. Papa alipanda boti ya mizigo kwenda Mpala na hakurudi, hata mwili haukurudi. Hatuna kaburi la kwenda kung'olea majani. Yaya alikuwa amemwambia Mama: "Nitauimba mara moja. Mara mbili siwezi."

Mama akanipa telefoni yake. "Unirekodie ile ya Papa yenu. Na ufunge kinywa."

Nikasimama kwenye dirisha la nyuma, linaloangalia uani. Nyimbo za kwanza zilitikisa chupa kwenye kaunta, watu wakapiga miguu chini, hata Mama alitingisha kichwa kidogo, akakumbuka yuko wapi, akaacha. Kisha Yaya akaishusha gitaa na kuanza taratibu. Aliimba jinsi Papa alivyokuwa anapiga mluzi tangu kwenye kona, ili tujue ni yeye, tusiogope. Mabega ya Mama yakaanza kutetemeka.

Mimi siwezi kukaa mahali watu wanalia. Kwenye matanga ya Papa nilimwiga katekista mpaka wajomba wakanifukuza. Watu wakilia, mimi najua njia moja tu, kuchekesha.

"Kura!" nikaita kwa nguvu, mdomo dirishani. "Kura eee!"

Watu wa Kalemie wote waligeuka, maana walijua kinachofuata. Mpiga ngoma akaruka juu ya viti, akimwita mzee wa jenereta: "Papa, usizime! Hapana, usizime!" Fundi wa Kigoma, yule ambaye angeweza kung'oa waya wake kabla mambo hayajaharibika, alibaki anatazama huku na huku.

"Kura gani?" akauliza. "Leo mnachagua nani?"

Jenereta ikanyamaza. Mzee akageuza swichi upande wa umeme wa mji, akakuta hakuna kitu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, nikafikiri mzaha umeishia hapo. Mzee kwa haraka yake akaiwasha tena jenereta, kila kitu kikiwa bado kimechomekwa, na umeme ukaingia kwa nguvu kupita kiasi. Tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi ulitoka kwenye kompyuta, na albamu yote ilikuwa mule.

"Yaya, rudilia tu," nilimwambia.

Alikuwa anafuta nyuzi za gitaa kwa shati lake. "Nilikwisha kuimba. Ilikuwa njo ile."

Laiti angenipiga. Fundi akavuka ziwa na blanketi lake, na mji ukabaki na jina jipya la kumwita Yaya. Vijana wa motopikipiki walikuwa wanamngojea Yaya kwenye kona: "Ee Kura! Leo utatuwakia ao utatuzimia?" Shuleni wakaniita Mudogo wa Kura, nami nikainama kama waziri. Niliwafundisha hata watoto wadogo wa mtaani kuiimba ile "Ee Kura!" Wakamfuata Yaya nayo kutoka sokoni, akiwa amebeba unga wa Mama begani. Akasimama. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

Alikwenda Manono kuchimba madini. "Kule hawanijui," alisema, akapanda nyuma ya motopikipiki. Gitaa aliiacha juu ya kitanda changu. Tangu hapo telefoni yake haipatikani, na Mama anaijaribu kila anapomaliza kusali.

Jioni moja niliiba telefoni ya Mama ili niikate sauti yangu kwenye ile rekodi, ndiyo tu iliyobaki. Haikatiki. Yaya bado anaimba chini ya kelele yangu. Ukinitoa mimi, unamtoa na yeye. Mama akanikuta jikoni, gizani, kura imekwenda kama kawaida.

"Lete."

Akasikiliza amesimama. Gitaa. Yaya anavuta pumzi. Mluzi wa Papa, kwenye kona. Kisha mimi, kisha "Kura gani?", kisha kicheko changu juu ya vicheko vyote, maana telefoni niliishika mimi. Nilingojea kofi, nililitaka. Nilitafuta hata neno la kuchekesha, halikuja.

Mama alisema: "Wote wawili muko mule. Zima, usimalize chaji."