Pikipiki Bila Shati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na sanduku la spana, nikapewa fagio. Nilikuwa nimetoka gereji moja ya Kampemba, na klabu ya pikipiki yenye uwanja wake ng'ambo ya Ruashi ilikuwa imeniajiri kama fundi. Msimamizi wa uwanja, mtoto wa mfanyakazi wa reli ambaye wote tulimwita Chef, alinionyesha lami iliyofunikwa na vumbi jekundu.

"Moto itangoja," akaniambia. Hapa kwetu moto ni pikipiki, na juu ya ni kwa sababu ya. "Fagia kwanza. Bantu banaanguka juu ya vumbi, haiko juu ya moto."

Niwaeleze vijana siku ya uwanja ilivyokuwa, maana wengi wanadhani ni mashindano. Wanachama walileta pikipiki zao, wakagawanywa katika makundi matatu, wenye kasi kwanza na wanaojifunza mwisho, wakazunguka kwa zamu bila mshindi. Kabla ya mtu yeyote kuingia, Chef alizunguka peke yake. Huo tuliuita mzunguko wa kufungua. Katika kila kona alisimama, akashusha mguu, akasugua soli ya kiatu kwenye lami, kwa sababu soli huhisi mchanga au mafuta ambayo macho hayaoni. Kona zilikuwa tisa. Akirudi alituonyesha soli yake, ndipo akapandisha bendera ya kijani.

"Kama haukuweka muguu, haukufika," alikuwa akisema.

Nilikuwa fundi, kisha mwalimu wa wanaojifunza, na Chef alipostaafu bendera ikaja mkononi mwangu, pamoja na jina la Chef. Miaka yote hiyo niliendesha pikipiki za mbio. Hizo zimevishwa maganda ya plastiki yanayokata upepo, na usukani wake uko chini sana, hata mwendeshaji analala juu ya tangi, mgongo umepinda na uzito wote uko kwenye vifundo vya mikono. Pikipiki isiyo na maganda, yenye injini wazi na usukani mpana ulioinuka, tuliiita moto bila shati. Mtu akija nayo aliulizwa amesahau shati wapi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mama Ngalula, mfamasia wa Bel-Air, alikuwa wa kwanza katika kundi la kasi kuacha pikipiki ya mbio na kuja na isiyo na shati.

"Mama, shati uliuzisha?" nikamwuliza mbele ya watu.

"Nilivua, Chef. Ilikuwa inanivunja mugongo." Akavaa glavu taratibu. "Na muke yako, mikono yake iko namna gani? Ile dawa ya kupakaa inamusaidia?"

Watu walicheka bila kujua wanachocheka. Mimi nilijua. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nanunua kwake dawa ya kuchua, nikisema ni ya mke wangu. Mikono iliyouma ilikuwa yangu. Baada ya mizunguko michache vidole viliingia ganzi, na breki ya mbele nikaikamata bila kuihisi.

Baada ya kona ya sita uwanja wetu unateremka hadi kona ya saba, tunayoiita Kona ya Kichuguu kwa sababu ya kichuguu kikubwa kilicho pembeni. Ukifunga breki kwenye mteremko ule juu ya pikipiki ya mbio, mwili mzima unaangukia mikono. Nilianza kuuogopa. Juu ya mteremko kuna njia ya ambulansi inayokata na kurudi langoni. Nikaanza kupita hapo kwenye mzunguko wa kufungua, nikiziruka kona tatu za mwisho, na kusubiri kidogo nyuma ya ghala ili muda ulingane. Hakuna aliyeona. Nilikuwa na cheo ambacho hakuna anayekikagua.

Jumapili moja ya masika, baada ya mvua ya usiku, nilifanya vilevile. Nikasugua soli kwenye nyasi za langoni, nikapandisha bendera ya kijani. Mama Ngalula alikuwa mbele ya kundi la kasi. Maji yalikuwa yameshusha changarawe kutoka kwenye kichuguu hadi katikati ya kona. Aliteleza, akavunjika mtulinga.

Mchana Rais wa klabu alituita mezani.

"Chef, piste ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi," nikasema.

Basi Katibu akasema, kama uwanja ulikuwa safi, kosa ni la pikipiki. Haina maganda, upepo unaiinua mbele. Wote tuliokuwa tukicheka tukapata sababu ya kicheko chetu. Ikaandikwa sheria: pikipiki isiyo na maganda itazunguka na kundi la tatu tu. Rais aliniomba nitie sahihi kama mtaalamu. Nilitia.

Mtulinga ulipopona Mama Ngalula alirudi, akaisoma ile karatasi ukutani, akanitazama, kisha akaisukuma pikipiki yake hadi kundi la tatu, nyuma ya wanaojifunza. Hakubishana. Nilishukuru moyoni nikidhani hajui.

Baada ya miaka miwili daktari aliniambia niache au nibadilishe. Nikauza pikipiki ya mbio, nikanunua isiyo na shati. Asubuhi ya kwanza nilikwenda hadi juu ya mteremko, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikukata njia ya ambulansi. Mgongo ulikuwa wima, uzito uko kwenye kiti, mikono inashika tu. Breki niliihisi kidole kwa kidole. Upepo ulinipiga kifuani na pikipiki haikuyumba hata kidogo. Nilifika Kona ya Kichuguu, nikashusha mguu, nikasugua soli kwenye lami. Pikipiki niliyoihukumu kwa sahihi yangu ndiyo iliyokuwa tulivu kuliko zote mahali pale.

Niliporudi walinisifu. "Chef iko na akili," walisema. Sheria haikunigusa, kwa kuwa msimamizi hutangulia kwa cheo chake. Hivyo niliongoza kundi la kwanza bila shati, na Mama Ngalula alibaki la tatu juu ya pikipiki ya aina ileile. Nilivumilia hivyo hadi siku yangu ya mwisho kazini.

Siku hiyo nilimkuta akipima upepo wa matairi.

"Mama Ngalula, siku ulianguka, sikufika pa kona ya kichuguu. Nilipita njia ya ambulansi."

Hakuinua kichwa. "Minajua. Nilikuwa nalala pale, nangoja banibebe. Ile changarawe ilikuwa na alama ya moto yangu tu. Ya muguu yako haikukuwa."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme. Chef ni wewe." Akaonyesha kwa kidole wanachama waliokusanyika. "Na haiko kwangu utasema. Ni kule."

Nikasema kule, mbele ya wote waliokuja kwenye sherehe ya kuniaga. Rais alinishika bega: "Papa, leo ni feti yako, achana na ile." Wengine walidhani namfariji Mama. Nikarudia, nikitaja njia ya ambulansi, ghala na nyasi za langoni, mpaka wakaelewa. Karatasi ya sheria niliichomoa ukutani mwenyewe, na mzunguko wa kufungua nikamwachia Mama Ngalula.

Tangu nistaafu huwa nawaza kwamba kutoka langoni mtu anaweza kusikia kila kitu. Katika kila kona injini inashuka sauti, inanyamaza kidogo, inapanda tena. Siku hiyo Mama alipozunguka tulihesabu, wote tumesimama: mara tisa. Miaka yangu ile yeyote angeweza kuhesabu sita. Waliniamini, ndiyo maana hawakusikiliza.

Alirudi, akazima injini, akainua kiatu tuone soli. Ilikuwa na udongo mwekundu.

"Kona ya saba iko na muchanga," akasema. "Mulete fagio."

Watu wakaangaliana. Nilijua linapokaa, nikaenda kulichukua.