Kijana wa Raga Aliyetaka Iandikwe

Juma lililopita nilikuwa katika kampuni moja ya bima hapa mjini, nikisubiri barua yangu igongwe muhuri, nikamwona kijana wa chuo akikaguliwa kama fahali wa maonyesho. Kampuni hiyo ina timu ya raga, na ilitaka kumwajiri ili acheze mstari wa mbele, pamoja na wale wanaosukumana vichwa chini huku wenzao wakipata sifa.

Kocha alimzunguka, akampapasa mabega.

"Shingo yako iko wapi?"

"Ilikuwako nikiingia chuo, sir."

"Umewahi kufunga?"

"Hapana. Mpira nimeshika mara moja tu, na haikuwa makosa yangu."

Kocha akavua koti, akaita makarani wawili, wakashikana mabega. "Haya, tusukume!"

Kijana akainama, akasukuma. Wote watatu wakaishia juu ya meza ya meneja aliyekuwa ameketi pale, wino ukamwagika.

"Kazi ni yako!" kocha akasema, ameshika mbavu.

Kijana hakucheka. "Na goti langu likivunjika, kazi inabaki?"

Kocha akamtazama meneja. Meneja akautazama wino.

"Inabaki," meneja akasema.

"Basi niandikie, mzee."

Akasimama mlangoni, ameujaza wote, mpaka barua yake ya ahadi hiyo ikapigwa chapa na kutiwa sahihi.

Mimi nimeajiriwa gazetini miaka kumi na mmoja na sijawahi kuthubutu kuuliza hivyo. Jana nikajikaza, nikamuuliza mhariri wangu.

"Kwani wewe," akasema, "unasukuma nani?"