Mkanda Niliokata kwenye Ngozi ya Baba

Mkanda wangu wa kwanza wa useremala niliukata kwenye ngozi ambayo baba yangu alikuwa amejiwekea azikwe nayo. Sikujua. Neno hilo nimelisema mara nyingi, kwa mama, kwa baba mdogo, kwa mke wangu, na kila nikilisema naona halinisaidii kitu, maana ningeuliza ningeambiwa. Ndiyo tabia yangu tangu utoto. Mkono unatangulia, swali linakuja baadaye.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimepata kazi ya kuezeka nyumba za wafanyakazi wa mgodi upande wa Songwa, na nilipanga chumba Kambarage, mjini Shinyanga. Kila Jumatatu alfajiri lori lilitupitia mafundi. Kazi yangu ilikuwa kenchi: kupanda juu, kuunga mbao, kugonga misumari. Vifaa vyetu vilikaa kwenye kikapu au sanduku, na ukishakuwa juu kikapu kiko chini, kwa hiyo misumari tuliibana mdomoni. Nyundo niliichomeka kiunoni, na siku moja ikaivuta suruali yangu hadi magotini nikiwa nimekumbatia boriti, mikono yote miwili haina nafasi. Msimamizi wetu, mzee wa Kiislamu aliyekulia pwani, alicheka mpaka akavua kofia. "Fundi," akasema, "Mungu akusitiri, maana suruali imeshindwa."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika. Na wiki hiyohiyo nikamwona fundi mmoja wa mgodini amevaa mkanda mpana wa ngozi, una mifuko miwili ya misumari, kitanzi cha nyundo na sehemu ya penseli. Alipanda ngazi mikono mitupu. Niliutamani ule mkanda kama mtu anavyotamani baiskeli ya jirani.

Pale sokoni Shinyanga alikuwepo fundi viatu aliyeshona katambuga za matairi. Nikamchorea mkanda mchangani. Akautazama, akasema, "Kushona nitashona. Ngozi sina, na madukani hakuna. Ukipata yako, lete."

Ngozi nilijua iko wapi. Jumamosi nikapanda basi la Kahama, nikashuka njiani, nikatembea hadi nyumbani kwa wazazi wangu. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Geita kumwona dada yake aliyekuwa akiumwa. Mama alikuwa shambani akichuma pamba. Nikaingia nyumba kubwa, nikapanda darini, nikaishusha ile ngozi iliyoviringishwa na kufungwa kamba ya katani.

Ilikuwa ngozi ya maksai mweusi mwenye baka jeupe kifuani, aliyevuta jembe letu miaka yote ya utoto wangu. Pamba iliyonisomesha ililimwa naye. Alipozeeka akafa mwenyewe zizini, na baba hakuonja nyama yake. Alimchuna kwa mkono wake, akaiwamba ngozi kwa vigingi, akaikwangua upande wa nyama, akaiweka. Hata watu walipohamishwa kwenda kijiji kipya, mama aliniambia, baba alibeba jembe bega moja na ile ngozi bega la pili. Mambo hayo yote niliyajua. Na bado sikujiuliza mzee anaitunza ya nini. Kichwani mwangu ilikuwa ngozi inayokaa bure.

Nikaikunjua uani. Upande wa nyuma, kwenye matako ya ng'ombe, ndiko ngozi ilikuwa nene. Nikakata kipande cha upana wote wa ngozi, urefu wa kama dhiraa moja. Nikaiviringisha iliyobaki, nikaifunga kamba ileile, nikairudisha darini. Sikumsubiri hata mama nimwamkie.

Fundi viatu alishona vizuri, kwa uzi wa nta, manyoya kwa nje. Lakini mkanda ulikuwa mgumu kama ubao. Nikiinama unanichoma tumboni, nikipanda ngazi unanisugua nyonga. Siku ya tatu nilikuwa na vidonda pande zote mbili, na wenzangu walikuwa wakilia kama ndama kila nikipita. "Fundi amevaa ng'ombe mzima!" Nikavumilia kwa ukaidi tu. Mwisho wa mwezi nikaenda nyumbani nikiwa nimeuvaa, ili baba aone mwanawe amekuwa fundi wa namna gani.

Baba alikuwa amekaa nje akisuka kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba," halafu macho yake yakashuka kiunoni kwangu yakakaa hapo. Aliyajua manyoya yale. Akanyoosha mkono akapapasa mfuko wa kushoto, kwa vidole viwili, akifuata yalikolala manyoya.

"Umeikata wapi hii?"

"Ile ya darini, baba. Niliona inakaa bure."

Akauachia ule mfuko. Mama alikuwa mlangoni na ungo, na nilimwona akiuweka chini. Nilitegemea ugomvi, na nilikuwa nimekwisha kujiandalia majibu. Baba akasema, "Umeivaa kavu. Vua nione."

Nikainua shati. Alipoona vile vidonda alitikisa kichwa, akaniambia ngozi haivaliwi hivyo, nani alinidanganya. Akaomba mkanda. Siku hiyo aliuloweka kwenye mtungi. Kesho yake akatafuta mafuta ya mkia wa kondoo, akakaa nao kutwa nzima, anapaka, anaukunja, anaukunjua, anausugua kwenye nguzo ya zizi. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha wote kwa ukame. Mikono yake ilikuwa na nguvu bado, na nilikaa karibu nikijisifu habari za Songwa, kenchi kubwa, msimamizi anavyoniamini. Aliitikia tu, "Ehe. Ehe."

Siku ya tatu akanivisha ukiwa bado na unyevu. Akaufunga mwenyewe, akakaza. "Sasa usiuvue mpaka ukauke mwilini. Inama. Chuchumaa. Panda pale juu ya zizi ushuke. Lazima ukujue." Nilipanda na kushuka mbele yake asubuhi nzima, mtu mzima mwenye mke, na yeye amekaa anasema, "Tena." Ilipofika alasiri mkanda ulikuwa umekauka na haunichomi mahali popote. Nikainama, nao ukainama. Baba alicheka. Nilifurahi sana siku ile, na mpaka leo furaha ile inaniumiza kuliko vidonda.

Mama alinisindikiza hadi barabarani. Basi lilipoonekana kwa mbali ndipo aliposema, haraka, bila kunitazama. "Ng'wanone, mwanangu, ile ngozi baba yako alijiwekea. Alisema hataki sanduku, atafungwa na ng'ombe wake. Alinikataza nisikwambie."

Nikaliacha basi likapita. Nikarudi mbio, mkanda ukiwa kiunoni. Nikamkuta baba amerudia kamba yake, nikaanza kufungua, nikamwambia nitaishona tena, nitamtafuta yule fundi, itakuwa kama zamani. Akanizuia mkono.

"Acha. Umekwisha kukukaa. Iliyobaki itanitosha, mimi si mrefu."

Baba alikuwa mrefu kuliko mimi. Sote wawili tulilijua hilo, na sikubishana naye, kwa kuwa nilitaka liwe kweli.

Niliuvaa ule mkanda karibu miaka minne. Nilitafuta ngozi nyingine, sitasema sikutafuta. Nikamletea baba ngozi ya ng'ombe mwekundu kutoka Kahama, kubwa, nzuri. Akashukuru, "Wabeja," akaitandika kitandani akailalia. Ya maksai ikabaki darini. Wakati huo nilikuwa nikiwachongea watu majeneza, yanasifiwa Shinyanga nzima, na huyu mmoja ambaye ningemchongea kwa moyo wangu wote hakutaka. Kitu alichokitaka nilikuwa nakitembeza kwenye mapaa nimekijaza misumari.

Habari ya msiba ililetwa na utingo wa basi. Nilikuwa juu ya nyumba ya mwalimu mmoja, utingo akaniita kutoka chini, akavua kofia. Nilishuka nikapanda basi nilivyo, hata nyundo sikuitoa kwenye kitanzi. Nilifika mchana. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya zizi, na wazee walikuwa wameitandaza ngozi chini na kumlaza baba juu yake. Baba mdogo alikuwa akijaribu kuikunja. Upande wa kichwani ilikunjika ikafunika vizuri. Upande wa chini iliishia juu kidogo ya vifundo vya miguu, kwenye mstari nilioukata, ulionyooka kabisa, maana mimi nakata vizuri.

Hakuna aliyenilaumu. Baba mdogo alinisogezea nafasi tu, nikapiga magoti. Nikaomba shazia, ile sindano ya kushonea magunia ya pamba, na uzi. Nikavua mkanda. Nikautoa mifuko, nikakata mishono yote, nikaulaza mkanda mahali ulipotoka, ili niushone ufunike miguu.

Haukulala. Ulikuwa umejipinda kufuata kiuno changu. Niliukandamiza upande wa kulia, wa kushoto ukainuka. Mama akaleta maji, nikaulowesha, nikaupiga kwa jiwe, nikaukalia. Nikiuachia unarudi palepale, na tumbo langu limo, na nyonga zangu zimo. Baba alikuwa ameufanya unijue mimi, na alikuwa ameifanya kazi hiyo vizuri. Niliendelea kuupiga. Nilikuwa nalia kwa sauti, mbele ya wazee, na jua lilikuwa linaondoka.

Baba mdogo akanishika bega. "Ng'wanone, inatosha. Mzee anangoja."

Mtu mmoja akasema iletwe ngozi ya ng'ombe mwekundu ya kitandani. Mama akakataa. Alisema baba alikwisha kuulizwa hilo alipokuwa hai, na alijibu kwamba yule hakulima naye.

Wakamfunga kwa kamba alizozisuka mwenyewe. Nilishuka kaburini kumpokea upande wa miguu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi na sikutaka mtu mwingine aishike. Visigino vyake vilikuwa na nyufa za shambani, vikavu, baridi, vikatua kwenye viganja vyangu. Nikamwambia nisamehe, baba. Nikamwambia tena. Juu walikuwa wanangoja na majembe, nikawaomba wasianze. Nikachota udongo kwa mikono, ule laini usio na mawe, nikaifunika miguu yake pole pole, nikianzia katikati ya vidole.