Kitochi cha Safari ya Malesia

Muuza simu wa soko la Itahari ana ukucha mrefu kwenye kidole cha mwisho, na ndio anaofungulia simu. Huwauzia wanaokwenda ughaibuni simu zilizotumika. Laini ya huko huifunga kwenye karatasi, uichomeke ukifika. Kwanza huweka laini yake ya kujaribia, akakupa simu uishike, akakugeuzia mgongo, akautazama ukuta na kukupigia. Swali lake ni lile lile kwa kila mtu: "Umekula wali?"

Vijana hucheka. "Nimekula, kaka, na sufuria nimelamba."

Mimi nilichukua kitochi, simu ya bei ya chini kuliko zote. Mwanangu Purna ameniita Malesia, hataki nikae peke yangu tangu mama yake atutoke. Kitochi kikalia mkononi mwangu.

"Umekula wali, baba?"

Ana kwa ana ningesema nimekula, kama ninavyowaambia majirani. Kwenye simu nikasema, "Sijala. Tangu mwenzangu aondoke sijainjika chungu."

Mabega ya muuza simu yakatulia. Hakukata. "Alikuwa anakupikia nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamwambia dengu, na majani ya haradali. Nikajikuta naendelea kumsimulia.

Nyuma yangu kijana mmoja aliyengoja zamu akanung'unika. "Nyie, mnapigiana simu na mko duka moja? Basi letu linaondoka."

"Ngojeni," muuza simu akasema bila kugeuka. "Mzee yuko mbali."