Kura ya Darubini Saba Kiganjo

Jumamosi asubuhi, nyumbani Gitothua, Ruiru, binamu yangu Wairimu alinitumia ujumbe wa sauti. Ni fundi wa simu, anaishi Kiganjo kule Thika. "Njoo leo jioni," alisema, "kuna kura juu ya nyumba." Kwetu r na l hubadilishana viti zitakavyo, kwa hiyo mimi na mama tulisikiliza mara mbili, tukakubaliana kwamba kuna kula. Mama akanipa mikebe yake saba ya bati. "Usirudi na hata mmoja mtupu."

Mchana, barabarani kutoka Ruiru, mikebe iliimba guniani kama kwaya iliyokosa mwalimu. Sikuwa nimekula, kwa heshima ya mwenyeji.

Kiganjo, jua likizama, nilimkuta Wairimu juu ya paa la zege, kati ya mabomba saba ya plastiki. Kila bomba lilikuwa na lenzi mbele na simu kuukuu nyuma, na yote yalitazama mahali pamoja.

"Chakula kiko wapi?"

"Chakula gani? Darubini kubwa inauzwa bei ya ploti, kwa hivyo nimeunda ndogo nyingi. Kompyuta inajumlisha picha zao. Moja ikiona kitu peke yake, huo ni uchafu. Zote zikikiona, kiko kweli. Zinapiga kura."

"Kura," nikasema polepole.

"R, cuzo. R."

Mwenye nyumba, Mama Njoki, alipanda na beseni la nguo mbichi. Alikuwa amempa Wairimu mpaka jioni hiyo: amwonyeshe kitu ambacho macho yake hayawezi kuona, la sivyo mabomba yashuke na kamba za nguo zirudi.

Giza lilipoingia, jirani akawasha taa ya ulinzi. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe.

"Naona uji," alisema Mama Njoki.

"Ni ile taa, Mama Njoki. Inaingia kwa lenzi."

"Ni uji. Na nguo hazikauki kwa uji."

Wairimu alikaa chini, akaanza kufungua bomba la kwanza. Hapo nikaitazama mikebe ya mama. Tuliitoboa matako kwa kisu, tukayavisha mabomba midomoni kama kofia ndefu, taa ya jirani ikafungiwa nje.

Picha zikajumlishwa. Kwanza vumbi, kisha, chini ya mkanda wa Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, likachanua wingu la waridi, laini kama pumzi ya mtoto.

Mama Njoki alisogea karibu na kioo. "Kumbe hii imekuwa hapo juu ya nguo zangu miaka yote?" Akainua beseni. "Kamba nitafunga upande ule. Na huyu mgeni alishwe, tumbo lake linanguruma nikiangalia."

Nilikula mukimo hadi nikasahau r na l.

Jumapili, Gitothua. Nilirudi na mkebe mmoja tu, wa kumwonyesha mama, mingine ikabaki kazini. Nilikuwa nimejifunza kwamba kitu kikubwa chaweza kuundwa kwa vidogo vinavyokubaliana, nikamweleza mama hivyo kwa maneno mazuri. Aliinua mkebe, akanichungulia kupitia tundu.

"Naona mjinga mmoja."

"Ungekuwa nayo yote saba," nikamwambia, "ungemwona vizuri zaidi."